Njaa Inakaa Wapi? Habari za Dawa Zinazokata Hamu ya Chakula

Mwulize mtoto wa shule njaa inakaa wapi: ataweka mkono juu ya tumbo. Mwulize baba yake: naye atafanya vivyo hivyo. Hata wataalamu walifikiri hivyo zamani. Mwaka 1912 Walter Cannon, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alieleza majaribio aliyoyafanya pamoja na mwanafunzi wake Washburn. Kijana huyo alijizoeza kumeza puto jembamba la mpira lililofungwa kwenye mrija. Puto likajazwa hewa ndani ya tumbo, na kila mara tumbo lilipojikaza, kalamu ya chombo ilichora alama juu ya karatasi. Alama hizo zikapatana na saa zilezile Washburn aliposema kwamba anasikia njaa. Watu wakaona neno limekwisha: njaa ni tumbo tupu linalojikunja.

Kumbe halikwisha. Waganga walipoanza kuwapasua wagonjwa wa saratani na kuwaondolea mfuko wote wa tumbo, walistaajabu kuona kwamba wagonjwa hao, baada ya kupona kidonda, waliendelea kusikia njaa. Tumbo halipo, lakini njaa ipo. Basi inakaa wapi?

Swali hili si mchezo wa wasomi. Siku hizi habari za sindano ya kupunguza unene zimeenea duniani kote, na zimefika hata kwetu Kongo kwa njia ya simu na ya ndugu wanaoishi Ulaya. Wengine huisifu kama muujiza, wengine huicheka, wakisema kwamba mtu mnene afunge kinywa tu, basi. Kabla ya kusifu au kucheka, yafaa tujue dawa hiyo hufanya kazi gani, na huifanyia wapi. Jibu ni hili: huifanya kwanza kabisa ndani ya ubongo.

Maneno yetu wenyewe

Tuanze na lugha yetu, maana Kiswahili kimetenganisha vizuri mambo ambayo waganga walichelewa kuyatenganisha. Njaa ni upungufu wa mwili. Hamu ni moyo kuelekea kitu. Uchu ni hamu iliyozidi kiasi, ile inayommezesha mtu mate mbele ya sahani ya mwenziwe. Utamu ni habari ya ulimi. Shibe ni kutosheka, na kukinai ni kushiba hata chakula kile kile kilichopendwa kikawa kinachukiza. Mtu aweza kuwa na njaa bila hamu, kama mgonjwa wa malaria anayeusukuma bugali wake mbali. Aweza pia kuwa na hamu bila njaa, kama mtu aliyekwisha kula bugali na sombe akatosheka, lakini akiona sambaza zinatolewa kwenye mafuta, mkono unakwenda wenyewe. Msomaji ayashike maneno haya, maana tutayahitaji.

Chini kabisa ya ubongo, nyuma ya macho, pana sehemu ndogo yenye uzito wa gramu kama 4, nayo huitwa haipothalamasi. Mwaka 1940 wataalamu wawili wa Chicago, Hetherington na Ranson, waliharibu kwa uangalifu nukta fulani katika sehemu hiyo kwenye panya. Panya wale wakanenepa kupita kiasi. Mwaka 1951 Anand, mtaalamu kutoka India, na Brobeck wa Marekani waligusa nukta nyingine, kando kidogo ya ile ya kwanza. Panya hao wakaacha kula. Chakula kipo mbele yao, nao wanakufa kwa njaa. Hapo ikafahamika ya kuwa tumbo ni kama mjumbe tu. Hupeleka habari, lakini baraza linalopokea habari na kukata shauri liko kichwani.

Wajumbe wako wengi. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walimtambua mjumbe mmoja anayetoka katika mafuta ya mwili, wakamwita leptini. Mafuta yakiwa mengi, leptini huwa nyingi, na ubongo huambiwa kwamba ghala limejaa. Miaka mitano baadaye, mwaka 1999, Wajapani wakamgundua mjumbe mwingine, grelini, atokaye katika tumbo tupu na kupiga hodi ubongoni akidai chakula.

Watoto wasiojua kushiba

Mwaka 1997 waganga wa Cambridge, Uingereza, walitangaza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja wenye asili ya Pakistani. Msichana alikuwa na miaka 8 na uzito wa kilo 86. Binamu yake, mtoto wa miaka 2 tu, alikuwa na kilo 29. Walizaliwa na uzito wa kawaida, kisha wakaanza kula bila kukoma, na walipokatazwa walilia na kugombana. Damu yao ilipopimwa, haikuwa na leptini ya kufaa hata kidogo. Mjumbe wa mafuta hakuwahi kufika. Ubongo wa watoto hao uliamini kila siku, tangu asubuhi hadi usiku, kwamba mwili unakufa kwa njaa.

Yule msichana alipofika miaka 9 alianza kudungwa leptini iliyotengenezwa na wataalamu. Uzito wake ulikuwa umefika kilo 94. Katika mwaka mmoja akapungua kilo 16, naye akaanza kula kama watoto wengine. Hakuongezewa adhabu wala mahubiri. Aliongezewa kile kilichopungua tangu kuzaliwa.

Mwaka 2007 waganga haohao walifanya jambo la kufundisha zaidi. Waliwachukua vijana wawili wenye ugonjwa huo huo, wakawalaza ndani ya mashine yenye sumaku kubwa inayoonyesha ni sehemu gani ya ubongo inayofanya kazi, kwa kufuata damu yenye oksijeni. Wakawaonyesha picha za vyakula. Kabla ya dawa, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na tamaa na thawabu iliwaka kwa picha ya chakula, hata kama kijana ametoka kula sasa hivi. Baada ya siku 7 za leptini, sehemu ileile iliwaka kijana alipokuwa na njaa tu, na alipokuwa ameshiba ilinyamaza. Picha ni zilezile, na macho ni yaleyale. Kilichogeuka ni jinsi ubongo unavyoitika.

Sisi tuliolelewa kwa katekisimu tunajua kwamba ulafi umehesabiwa katika mizizi saba ya dhambi, nami sisemi ufutwe. Lakini padri yeyote atakuambia kwamba hakuna kosa la roho pasipo kujua na kukubali. Ni akina mama wangapi waliolaumiwa na majirani kwa sababu ya mtoto wa namna hii, kwamba hawakumlea? Ni kweli kwamba ugonjwa wa kukosa leptini ni wa nadra sana, na watu wengi wanene wana leptini tele, ila ubongo wao umezoea sauti yake na hauisikilizi tena. Hata hivyo habari ya watoto hao yatosha kutufundisha kwamba hamu ya mtu mmoja haina nguvu sawasawa na hamu ya jirani yake, kama vile urefu wao usivyo sawa.

Hamu ni kitu kimoja, utamu ni kitu kingine

Mtu angedhani kwamba tunatamani chakula kwa kadiri ya utamu wake. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan alionyesha mwaka 1989 kwamba mambo hayo mawili yana njia mbili mbalimbali ubongoni. Panya, kama mtoto mchanga, akionja kitu kitamu huramba midomo, na akionja kichungu hupanua kinywa na kutikisa kichwa. Berridge na wenziwe waliwaondolea panya karibu dopamini yote, yaani yule mjumbe wa ubongo anayesukuma hamu. Panya hao hawakutafuta chakula tena, hata wangekaa nacho uso kwa uso. Lakini walipotiwa tone la sukari kinywani, waliramba midomo kama zamani. Utamu waliujua, ila hamu imekwenda.

Walimu wenzangu wanaofundisha saa sita kasorobo wanayaona haya bila mashine. Harufu ya maharage ikitoka jikoni, darasa zima limekwenda, ingawa miili imebaki madawatini. Hakuna aliyeonja kitu. Utamu haujafika, lakini hamu imefika na kukaa.

Dawa za zamani, na gharama zake

Katika miaka ya 1930 waganga wa Marekani walitambua kwamba wagonjwa waliopewa amfetamini, dawa ya kufukuza usingizi, walipoteza hamu ya chakula. Baada ya vita vya pili vya dunia, ambamo askari wengi walimezeshwa tembe hizo ili wakeshe, dawa ikaingia nyumbani kwa akina mama waliotaka kuwa wembamba. Amfetamini hufungua mifereji ya dopamini na noradrenalini ubongoni, mwili ukadhani uko vitani, na aliye vitani haulizi chakula kiko wapi. Lakini baada ya majuma machache ubongo huzoea, tembe moja haitoshi, na mtu hujikuta mtumwa wa dawa. Wale waliofika Kenya au Uhabeshi wamewaona watu wakitafuna miraa na kusahau chakula cha mchana: ndani ya majani yale mna kitu ambacho ni ndugu wa karibu wa amfetamini.

Kisha ikaja fenfluramini. Hii haikugusa sana dopamini, iliongeza serotonini, mjumbe mwingine wa ubongo ambaye kwa kawaida huleta shibe. Ilionekana kuwa na adabu kuliko ile ya kwanza. Mtu halewi, hakeshi, anashiba tu mapema. Katika miaka ya 1990 mamilioni ya Wamarekani waliitumia pamoja na dawa nyingine, hata mwaka 1997 waganga wakatangaza habari za wanawake 24 waliokuwa wakitumia dawa hizo, ambao milango ya mioyo yao ilikuwa imekakamaa na kuvuja. Dawa ikaondolewa mwaka uleule. Sababu yake ikaeleweka baadaye: milango ya moyo nayo ina vipokezi vya serotonini. Dawa ikitumwa ubongoni haiendi ubongoni peke yake. Damu huipeleka popote.

Wafaransa walilipa zaidi, kwa sababu kwao ndugu wa fenfluramini aliendelea kuuzwa kwa jina la Mediator tangu mwaka 1976 hadi mwaka 2009. Iliandikwa kuwa dawa ya wagonjwa wa kisukari, lakini wengi waliandikiwa ili wakonde tu. Watu kama milioni 5 waliimeza. Mganga wa mapafu wa mji wa Brest, mama Irène Frachon, ndiye aliyefuatilia jambo hilo mgonjwa kwa mgonjwa mpaka dawa ikaondolewa. Mwaka 2021 mahakama ya Paris ikaihukumu kampuni ya Servier iliyoitengeneza, kwa udanganyifu na kwa kusababisha vifo.

Dawa moja nyingine nataka kuitaja, kwa maana inafundisha mengi. Wanafunzi wakubwa wamesikia, natumaini kwa kusikia tu, kwamba mvuta bangi hushikwa na njaa kali. Bangi huingia katika kufuli fulani za ubongo ambazo mwili una funguo zake halali. Wataalamu wakafikiri: tukiziba kufuli hizo, hamu itapungua. Wakatengeneza rimonabanti, ikauzwa Ulaya tangu mwaka 2006. Hamu ikapungua kweli, watu wakakonda. Lakini wengine wao wakaingiwa na huzuni nzito, hata kufikiri kujiua, na mwaka 2008 dawa ikasimamishwa. Kufuli zile hazikuwa za chakula tu. Zilikuwa pia za furaha, na hakuna aliyejua kuziba nusu yake.

Mjumbe wa utumbo na mjusi wa jangwani

Sindano za siku hizi zina asili nyingine. Chakula kinapofika katika utumbo, kuta za utumbo hutoa mjumbe aitwaye GLP-1, ambaye alitambuliwa katika miaka ya 1980. Kazi yake ni nyingi: huiamsha kongosho itoe insulini wakati sukari ya damu inapopanda, hulipunguza tumbo mwendo ili chakula kikae humo zaidi, na kuuambia ubongo kwamba chakula kimefika. Mwaka 1996 wataalamu wa London walimtia mjumbe huyo moja kwa moja katika bongo za panya wenye njaa, na panya wakala kidogo sana. Shida ni kwamba katika damu yetu huvunjwa baada ya dakika kama 2. Mjumbe wa dakika mbili hafai kuwa dawa.

Msaada ulitoka mahali ambapo hakuna angepatazamia. Katika majangwa ya Marekani ya kusini-magharibi na Meksiko yumo mjusi mnene mwenye sumu, ambaye hula mara chache tu kwa mwaka mzima. John Eng, mganga wa New York, alichunguza sumu ya mjusi huyo na mwaka 1992 akaeleza kwamba ndani yake kuna kitu kinachofanana na GLP-1, ila hakivunjiki upesi. Kutokana nacho ikatengenezwa eksenatidi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005 kwa wagonjwa wa kisukari. Zikafuata liraglutidi, inayodungwa kila siku, na semaglutidi, inayodungwa mara moja kwa juma. Hii ya mwisho ndiyo iliyo ndani ya Ozempic. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 1961 wanene: baada ya majuma 68, waliopewa semaglutidi walikuwa wamepungua karibu 15 kwa 100 ya uzito wao, na waliodungwa maji matupu wamepungua 2 na nusu kwa 100 tu, ingawa wote walishauriwa sawasawa juu ya chakula na mazoezi.

Je, inaingiaje ubongoni? Ubongo una ukuta unaozuia vitu vingi vya damu visipenye. Lakini kuna madirisha machache yasiyo na ukuta, ambayo ubongo hupitia kuionja damu. Moja liko karibu na haipothalamasi. Lingine liko nyuma chini, karibu na shingo. Dawa hufika kwenye madirisha hayo. Hili la nyuma ndilo pia mlango wa kichefuchefu, ambako ubongo huangalia kama tumemeza sumu. Ndiyo sababu wengi wanaoanza sindano hizo husikia kichefuchefu au kutapika, na ndiyo sababu waganga huanza na kiasi kidogo na kuongeza polepole.

Maziwa ya chokoleti

Sasa tumefika kwenye kiini. Mwaka 2014 wataalamu wa Amsterdam, Uholanzi, waliwachukua watu 48: theluthi yao walikuwa wembamba, theluthi wanene wasio na ugonjwa wa sukari, theluthi wanene wenye ugonjwa huo. Waliwalaza katika mashine ile ya sumaku na kuwaonyesha picha za vyakula. Kwanza ilionekana ya kuwa ubongo wa watu wanene uliitika kwa nguvu zaidi kuliko ule wa wembamba mbele ya picha zilezile. Kisha wakapewa eksenatidi kwa njia ya mshipa. Mwitiko ukapungua katika sehemu za hamu na thawabu, na walipoletewa chakula baadaye wakala kidogo zaidi. Na walipopewa kwanza dawa ya kuziba vipokezi vya GLP-1, sehemu kubwa ya matokeo hayo haikuonekana. Hivyo haikuwa bahati wala mawazo.

Mwaka uliofuata wataalamu haohao walitoa habari nyingine, nami naiona kuwa nzuri kupita zote. Badala ya picha walitumia maziwa ya chokoleti, tone kwa tone kwa mrija kinywani, na kabla ya kila tone ishara ilimwambia mtu kwamba maziwa yanakuja. Basi walipima mambo mawili mbalimbali: ubongo unapongoja maziwa, na ubongo unapoyapokea. Kwa dawa, mwitiko wa kungoja ulipungua. Lakini mwitiko wa kupokea uliongezeka. Msomaji akumbuke panya wa Berridge na midomo yao. Dawa hii, angalau katika jaribio hilo, haikufanya chakula kuwa majivu kinywani. Uchu wa mbele ulishuka. Kilichofika ulimini kilipokewa vema zaidi. Rimonabanti ilitaka kuzima taa ya nyumba nzima, lakini hapa ni kana kwamba chumba kimoja kimepunguziwa mwanga.

Wakorea nao walieleza mwaka 2024 kwamba watu waliodungwa dawa ya namna hii husikia kushiba hata kabla ya tonge la kwanza, kwa kukiona chakula tu, na wakaonyesha katika panya nukta ya haipothalamasi inayohusika. Wagonjwa wenyewe husema kwa urahisi zaidi. Wanasema kelele imekoma. Watu wengi wanene huishi na sauti kichwani inayotaja chakula tangu kuamka: nini asubuhi, nini kimebaki katika sufuria, nani anauza mikate kona ya barabara. Aliyezaliwa bila sauti hiyo haelewi. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wangaliweza kuongeza kwamba mwenye ubongo mtulivu hamjui mwenye ubongo wenye kelele.

Lakini ubongo ni mzee mjanja. Mwaka 2016 wale wa Amsterdam waliwapima wagonjwa wa kisukari wanaotumia liraglutidi. Baada ya siku 10 mwitiko kwa picha za chakula ulikuwa umepungua. Baada ya majuma 12 tofauti hiyo haikuonekana tena. Na mwaka 2025 waganga wa Pennsylvania, Marekani, walieleza habari za mgonjwa mmoja ambaye alikuwa ametiwa nyuzi za umeme ndani ya ubongo, mahali pa thawabu penyewe, kwa ajili ya matibabu ya ulaji usiozuilika. Alipoanza kutumia dawa ya jamii hii, ishara za uchu zilitulia kwa miezi kadhaa, kisha zikarudi pamoja na uchu wenyewe, hali dawa bado anaitumia. Huyo ni mtu mmoja tu, na mtu mmoja si sheria. Lakini lile la kuacha dawa halina shaka: katika jaribio la semaglutidi nililolitaja, waliofuatiliwa baada ya kuacha sindano walirudisha theluthi mbili za uzito walioupoteza katika mwaka mmoja. Leptini imepungua kwa sababu mafuta yamepungua, ubongo unaogopa ghala tupu, na kelele inarudi kwa sauti kubwa zaidi.

Kwetu, mambo kinyume

Mtu wa Ulaya akitembea katika masoko ya miji yetu atastaajabu. Kwao tembe zinatafutwa ili hamu iondoke. Kwetu, na hasa Kinshasa, wapo wengi wanaomeza siproheptadini ili hamu ije, wapate mwili na mashavu ya kupendeza. Hiyo ni dawa ya mizio, yaani ya kuwashwa na mafua ya vumbi. Huziba vipokezi vya serotonini, yule mjumbe wa shibe ambaye fenfluramini ilimwongeza. Njia ni ileile moja ya ubongo: mmoja anaifungua, mwingine anaifunga. Na wote wawili hufanya hivyo mara nyingi bila mganga, kwa shauri la muuza duka. Siproheptadini huleta usingizi, na nimewaona vijana wa kike wakisinzia darasani tangu saa mbili ya asubuhi, mwalimu asijue amlaumu nani. Wengine huichanganya na deksamethasoni, ambayo hujaza uso maji, hupandisha sukari na kuudhoofisha mwili usipigane na magonjwa. Hapo sina upole: ni kununua mashavu kwa bei ya afya.

Kwa upande wa sindano, Shirika la Afya Duniani liliingiza semaglutidi na wenzake katika orodha ya dawa za lazima mwezi wa Septemba 2025, lakini kwa wagonjwa wa kisukari wenye unene pamoja na ugonjwa wa moyo au wa figo. Haikuwekwa humo kwa ajili ya mtu mwenye afya anayetaka kiuno cha arusi. Kalamu yake ya sindano hutunzwa katika baridi ya digrii 2 hadi 8 kabla ya kufunguliwa, na hilo peke yake ni jambo gumu mahali umeme unapokatika kutwa. Tena bei yake ni kubwa, na penye bei kubwa waongo hawakosi. Mwezi wa Juni 2024 Shirika hilohilo lilitangaza kwamba Ozempic za bandia zimekamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Huko Austria, mwezi wa Oktoba 2023, watu kadhaa walipelekwa hospitali baada ya kujidunga kalamu zilizodhaniwa kuwa za dawa hiyo. Wakuu wa dawa wa nchi hiyo walisema dalili zao zilionyesha kwamba ndani yake huenda palikuwa na insulini. Insulini ikiingia kwa asiyeihitaji huifagia sukari ya damu, na ubongo, ambao huishi kwa sukari hiyo, hukosa chakula chake. Baadhi ya wagonjwa hao walishikwa na degedege.